Sura ya 7: Iliuzwa Ile?

Swali hili nimeulizwa kwenye basi la Sumbawanga, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, nimeulizwa hata msibani tukisubiri mwili utoke hospitali. Lakini mara nyingi zaidi nimeulizwa kwenye mabanda umiza ya Mpanda, yale mabanda ya kuonyeshea mpira kwa kiingilio: inakuwaje timu kubwa, yenye wachezaji waliosajiliwa kwa mamilioni kutoka nchi tano au sita, ifungwe mabao matano na mtani wake wa jadi? Muulizaji huwa ameshajijibu. "Iliuzwa ile," anasema, na waliokaa naye benchi moja wanaitikia kwa vichwa.

Sura hii ndiyo jibu langu. Nimelichelewesha kwa sababu mtu mwenye uchungu wa kufungwa ukimjibu palepale hakusikii.

## Jumapili ya kwanza ya Novemba

Novemba 5, 2023 nilikuwa Makanyagio, hapo Mpanda, ndani ya banda la bati lenye mabenchi ya mbao. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalowesha ardhi, kwa hiyo wengi walikuwa wametoka shamba moja kwa moja. Mmoja alikuja na baiskeli kutoka Kakese, jembe limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Akakataa kuliacha nje, akaingia nalo, akaliweka katikati ya miguu yake. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: SIMBA NA YANGA, SAA 11 JIONI. Gridi ya Taifa ilikuwa haijafika Katavi, mji ukiwashwa kwa majenereta ya dizeli, na kila taa ilipopepesa banda zima lilishika pumzi.

Dakika ya 3 Kennedy Musonda akaifungia Yanga. Dakika ya 9 Kibu Denis akaisawazishia Simba. Kilichofuata watu wengi wamekisahau: mpira ukakaa 1-1 mpaka dakika ya 64. Kwa dakika 55 hakuna aliyemzidi mwenzake. Nakumbuka wakati wa mapumziko watu wa pande zote mbili walikuwa wanagawana karanga na kuzungumza habari za mbegu.

Kisha Maxi Nzengeli akafunga. Dakika ya 73 akafuata Stephane Aziz Ki. Dakika ya 77 Nzengeli tena. Dakika ya 87, kwa penalti, Pacome Zouzoua. Mabao manne ndani ya dakika 23. Watu wa Yanga wakanyanyua viganja juu, vidole vyote vimetanuliwa, maana mabao matano mtaani yanaitwa "mkono". Watu wa Simba wakaanza kutoka kimyakimya, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami, shabiki wa Msimbazi, yaani Simba, tangu ujana wake, akasimama, akakung'uta kofia yake na kusema lile neno.

"Iliuzwa hii."

## Kwa nini bao la pili huita la tatu

Tuanze na jambo moja la hesabu. Kwenye ligi, ukifungwa 2-1 unakosa pointi 3. Ukifungwa 5-1 unakosa pointi zilezile 3. Kwa hiyo timu iliyofungwa bao la pili zikiwa zimebaki dakika 25 haina sababu kubwa ya kulinda ile 2-1. Ina kila sababu ya kupanda mbele kutafuta sare. Beki wa pembeni anaacha kurudi. Kiungo mkabaji, yule ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya mabeki na kuvunja mashambulizi, anaanza kusogea kwenye eneo la wapinzani. Kocha anatoa mlinzi, anaingiza mshambuliaji. Nyuma panabaki uwanja mtupu, na mpinzani mwenye wachezaji wepesi hahitaji zawadi nyingine.

Ongeza sasa mambo ya siku ile. Simba ilikuwa mwenyeji. Ilikuwa imeshinda mechi zake zote 6 za ligi msimu ule. Agosti 13 ilikuwa imeichukulia Yanga Ngao ya Jamii kwa penalti kule Tanga baada ya sare ya 0-0. Timu ya namna hiyo haijui kufungwa kidogo na kunyamaza. Ilitaka bao lake pale pale, mbele ya watu wake.

Wakulima wa mpunga wa Mwamkulu wananielewa haraka zaidi nikiwaeleza kwa jaruba. Jaruba ni kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili maji yakae. Panya akitoboa tuta, maji yanaanza kupita kwenye tundu dogo ambalo ungeliziba kwa mguu. Mkulima mwenye papara anakimbilia tuta la upande wa pili, anachota udongo, anakuja kuziba. Akigeuka anakuta alipochota pamelegea na pameanza kuvuja. Anachota tena upande wa tatu. Jua likizama jaruba ni tupu, na jirani anayepita njiani anasema huyu bwana kafungulia maji makusudi.

Hivyo ndivyo tunavyoihukumu timu iliyofungwa mkono. Tunaona jaruba tupu, hatukuona tundu la kwanza.

## Pointi 73 kwa sifuri

Kuna kisa cha Marekani ninachokipenda kwa sababu kinaonyesha jambo hili kwa ukubwa ambao mpira wetu haujawahi kuufikia. Ni cha mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo ambao jina lake linawapotosha wengi. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, na muda mwingi unabebwa mkononi au kurushwa. Timu ina watu 11 uwanjani. Ukiuvusha mpira mstari wa mwisho wa mpinzani unapata pointi 6, kisha unapewa nafasi ya kuongeza moja kwa kuupiga teke upite juu katikati ya nguzo.

Desemba 8, 1940, mjini Washington, ilichezwa fainali ya ligi yao ya kulipwa kati ya Washington Redskins na Chicago Bears. Wiki tatu kabla timu hizohizo zilikuwa zimekutana palepale, na Washington ikashinda 7 kwa 3. Mechi ya kubanana kabisa. Baada ya ushindi ule mmiliki wa Washington, George Preston Marshall, akawatangaza wapinzani wake kwenye magazeti kuwa ni watoto wa kulialia. Kocha wa Chicago, George Halas, akayachukua magazeti hayo na kuwabandikia wachezaji wake wayasome.

Fainali ikaisha 73 kwa 0. Chicago walivusha mpira mstari wa mwisho mara 11. Mateke ya kuongeza pointi yalipeleka mipira mingi jukwaani isirudi, hata waamuzi wakawaomba Chicago waache kupiga mateke hayo, maana mipira ilikuwa inakwisha.

Je, Chicago walikuwa wazuri kuliko Washington kwa pointi 73? Wiki tatu kabla walikuwa wabaya kwa pointi 4. Kilichotokea ni kwamba Washington walipoona wameachwa mapema waliacha mchezo wao wa kawaida wakaanza kurusha mpira mbali, ovyo, wakitafuta kurudisha yote kwa mkupuo. Mipira 8 waliyoirusha ikadakwa na wapinzani, na mitatu kati ya hiyo ikakimbizwa moja kwa moja hadi mstari wa mwisho. Kila walipoharakisha kupunguza deni walilikuza. Jaruba lilelile.

Mwaka 1942, Desemba 13, timu hizo mbili zikakutana tena fainali. Chicago haikuwa imefungwa mechi hata moja msimu ule. Washington ikashinda 14 kwa 6.

Kwa kifupi: Idadi ya mabao inapima kilichotokea baada ya timu moja kuachwa na kuamua kufukuzia. Haipimi vizuri umbali wa uwezo kati ya timu mbili, na peke yake haithibitishi kwamba kuna mtu kalipwa.

## Lakini kuna zilizouzwa kweli

Nisimdanganye msomaji. Zipo. Na moja ya kesi zinazojulikana zaidi ilitokea jirani zetu.

Februari 2016, siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinagombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu. Ilijulikana kwamba huenda nafasi hiyo ikaamuliwa na tofauti ya mabao, yaani mabao uliyofunga ukitoa uliyofungwa. Siku hiyo Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa ya Kigoma 8-0. Saa zilezile Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la soka, TFF, likafungua shauri la upangaji wa matokeo, yaani kukubaliana kabla mechi iishe vipi. Timu zote nne zikaadhibiwa, na aliyepanda daraja akawa Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwemo kwenye mashindano yale ya kumwaga mabao.

Ziweke mechi hizo mbili kando ya ile ya Novemba 2023, uone tofauti zake:

- Kwa Geita na Tabora mabao mengi yalikuwa na kazi. Kila bao lilikuwa ngazi ya kupandia. Simba na Yanga zilikuwa mwanzoni mwa msimu, na bao la tano halikumpa Yanga pointi ya nne.
- Waliofungwa 8-0 na 7-0 hawakuwa na cha kupoteza siku ile. Simba ilikuwa na kila kitu cha kupoteza, na kama tutakavyoona, ilikipoteza.
- Na ile 1-1 ya dakika 55. Aliyeuza mechi hasawazishi dakika ya 9.

Hayo hayatoshi kumfunga mtu wala kumwachia. Shauri la namna hiyo linahitaji ushahidi: simu, fedha, mashahidi. Ninachosema ni kwamba matokeo ya 5-1 yana maelezo ya mpira mtupu, na mwenye kudai zaidi ya hapo abebe mzigo wa kuthibitisha.

## Baada ya kipenga

Mtu akiniuliza bao la tano lina kazi gani kama halileti pointi, namwambia kazi yake huanza baada ya kipenga cha mwisho, na hufanyika ofisini. Timu ikifungwa 2-1 uongozi hutoa taarifa ya kuwatia moyo mashabiki. Ikifungwa tano, lazima mtu aondoke.

Tazama vipigo vikubwa vya dabi ya Kariakoo, yaani ya Simba na Yanga, kimoja kimoja. Juni 1, 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0. Sunderland ndiyo hii Simba, ilibadili jina mwaka 1971. Hicho nakipita.

Julai 19, 1977 ndipo penye somo kubwa, kwa kuwa ndicho kipigo kikubwa kuliko vyote kati yao: Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga moja. Mashabiki wa Simba wanazihesabu mpaka leo kama tasbihi. Wanachosahau kuhesabu ni mgogoro uliokuwa umeipasua Yanga katikati ya miaka ile ya 1970, wanachama wakagawanyika, wachezaji wakaondoka, ikazaliwa klabu ya Pan African. Iliyofungwa sita ilikuwa nyumba iliyokwishagawana vyombo. Yanga ilisubiri ubingwa mpaka 1981, na mwaka uliofuata, 1982, bingwa akawa Pan African yenyewe. Ukitaka kujua nguvu ya Yanga ilikuwa imekwenda wapi, jibu ni hilo.

Mei 6, 2012, mwaka uleule ambao Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, Simba ikaifunga Yanga 5-0. Emmanuel Okwi alitangulia dakika ya kwanza. Manne yaliyobaki yakaja kipindi cha pili, na matatu kati ya hayo yalikuwa penalti, zilizopigwa na Patrick Mafisango, Felix Sunzu, na kipa Juma Kaseja, aliyetoka golini kwake kwenda kumfunga kipa mwenzake. Kwa shabiki wa Yanga hilo la Kaseja lilikuwa chumvi kwenye kidonda. Siku 11 baadaye, Mei 17, Mafisango akafariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam, na watu wa Yanga waliokuwa wamenuna wiki nzima wakamlilia pamoja na watani wao. Nalitaja hili kwa sababu ni moja ya nyakati ambazo nimeona utani wa jadi ukikumbuka kuwa ni utani.

Huko Jangwani, makao ya Yanga, moto uliwaka. Mwenyekiti Lloyd Nchunga akajiuzulu mwezi huohuo. Julai wanachama wakamchagua Yusuf Manji, na kabla mwezi haujaisha Yanga ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Azam 2-0. Msimu wa 2012/13 ikawa bingwa, na Mei 18, 2013 ikaifunga Simba 2-0. Mwaka mmoja na siku 12 kutoka kwenye mkono.

Simba ya 2023 ilipita njia ndefu zaidi. Novemba 7, siku mbili baada ya mechi, kocha Roberto Oliveira "Robertinho" akaachishwa kazi. Alikuwa amepoteza mechi moja ya ligi msimu ule. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria. Aprili 20, 2024 akafungwa na Yanga 2-1, na mwezi ulipoisha naye akawa ameondoka. Makocha wawili kwa msimu mmoja. Sina shaka kwamba haraka ile iliiumiza Simba kuliko bao la tano lenyewe, na ndiyo jaruba ninalolisema: udongo ulichotwa tuta moja kuzibia jingine.

Mwisho wa msimu Azam na Simba zikalingana pointi, 69 kwa 69, na Azam ikashika nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao. Mabao manne ya Novemba 5 yalikuwemo kwenye hesabu hiyo. Azam ikaenda Ligi ya Mabingwa Afrika; Simba, ya tatu, ikaangukia Kombe la Shirikisho, ambalo wengi wa mabanda yetu walilipokea kama adhabu.

Na humo kwenye adhabu, ikiwa na kikosi kilichosukwa upya chini ya Fadlu Davids, Simba ikafika fainali. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, ikatoka 1-1 Zanzibar Mei 25, 2025. Haikubeba kombe, na nyumbani Yanga iliendelea kuchukua ubingwa. Lakini Simba iliyocheza siku ile kwenye Uwanja wa Amaan ilikuwa timu nyingine kabisa.

Taifa Stars yenyewe, timu yetu ya taifa, imepita hapo. Novemba 17, 2015 ilifungwa 7-0 na Algeria mjini Blida, siku tatu baada ya kutoka nao sare ya 2-2 Dar es Salaam. Septemba 7, 2023 ilirudi Algeria, safari hii Annaba, ikatoka 0-0 na kufuzu AFCON kwa sare hiyo. Mpanda watu walikumbatiana barabarani.

## Neno linalomfuata mchezaji

Ninalo dukuduku moja, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Neno "iliuzwa" ni rahisi kulitamka ukiwa Makanyagio, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka uwanjani. Lakini linasafiri. Linamfikia kipa, linamfikia beki, linamfikia mama yake sokoni. Mchezaji aliyeteleza kwenye bao la tatu anaamka akiwa mwizi, hana mahakama ya kumsafisha kwa kuwa hakuna aliyemshtaki. Nimeona hata kwenye ligi za mitaa yetu, kijana akishutumiwa kwa kosa la sekunde moja mpaka akaacha kucheza, na miaka kadhaa baadaye bado anaitwa kwa jina lile.

Nimejiuliza kwa nini tunalipenda neno hili. Nadhani ni kwa sababu linatubakizia timu. Kama mechi iliuzwa, basi timu yangu haikuzidiwa. Ilisalitiwa, na bado ni kubwa kama nilivyoiamini asubuhi. Maumivu yanapata mtu wa kuyabeba.

Jioni ile ya Novemba, wakati mwenye banda anakusanya mabenchi, kijana mmoja wa Yanga alimfuata mzee wa Msimbazi nje. Nilidhani anakwenda kumkebehi. Akamshika mkono kwa adabu.

"Babu, na zile sita za mwaka 77, nazo ziliuzwa?"

Mzee akasimama. "Zile tulifunga. Nilizisikia mwenyewe, Redio Tanzania, nikiwa kijana kama wewe." Akaanza kuzihesabu kwa vidole, polepole, kila moja na mfungaji wake: Kibadeni, Kibadeni, Masimenti, Masimenti, Kibadeni tena.

"Hizo tano, babu. Ya sita?"

"Ya sita Sanga alijifunga."

"Sanga wetu. Aliuza?"

Mzee akamtazama kijana kwa muda. Nyuma yetu yule mtu wa Kakese alikuwa anafunga tena jembe lake kwenye baiskeli.

"Hapana, mjukuu wangu," mzee akasema. "Usimsingizie mtu. Kujifunga ni ajali ya mpira."